Dumu la tano

Alikuja Jumanne asubuhi, mstari umeshatawanyika na vipindi vimeanza. Kavaa koti la suti juu ya shuka, fimbo mkononi. Nikamwamkia, akaitika marahaba. Nikamsogezea kiti, hakukaa. Akanyamaza kidogo kama mtu anayepanga maneno njiani na kukuta yamemwagika, kisha akasema, "Mwalimu, ni wewe uliyemtuma mwanangu aje kunishtaki nyumbani kwangu?"

Mwanawe alikuwa darasa la sita. Wiki ile nilikuwa nimewafundisha wanafunzi wa klabu ya mazingira kwamba nchi hii ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Namba 19 ya mwaka 2008, na kwamba kumtesa mnyama ni kosa. Somo hilo nililionea fahari, hata nikaandika kichwa chake ubaoni kwa chaki ya rangi. Kijana akalibeba kama lilivyo. Jioni akasimama mbele ya baba yake, mama akisikia, na mgeni aliyekuja kuulizia mbuzi akisikia, akamwambia: baba, unavunja sheria, unaweza kushtakiwa. Akachapwa. Asubuhi punda wao, mwenye kidonda mgongoni, akabebeshwa madumu matano ya maji kama kawaida.

Nirudi nyuma kidogo. Mimi ni mtu wa Tanga. Nimekulia katika nyumba ambayo mbwa alitimuliwa kwa jiwe kabla hajafika uani, kwa sababu malaika hawaingii palipo na mbwa, na punda nilimjua kwa matusi zaidi kuliko kwa sura. Nilipopangiwa Dodoma, shule ya kijijini ambayo kwa ramani iko karibu na mji lakini kwa gari la mchana ni safari, nilikabidhiwa klabu ya mazingira kwa sababu moja tu: mwalimu aliyekuwa nayo alihama.

Siku ya kwanza nikawaambia waandike majina ya wanyama kumi. Nikakusanya madaftari. Simba, tembo, twiga, nyati, chui. Hifadhi ya Ruaha ipo upande wa kusini mwetu, lakini sidhani kama kati yao yupo aliyewahi kumtia simba machoni. Nikauliza, "Punda je? Si mnamwona kila siku?" Wakacheka. Msichana mmoja akanisahihisha kwa upole kabisa: "Mwalimu, huyo ni mfugo." Na kuku? "Kuku ni kuku."

Nilirudi nyumbani nikilitafakari hilo. Mnyama, katika vichwa vyao, ni yule wa porini ambaye wazungu huja kumpiga picha. Huyu wa nyumbani ni chombo, kama jembe. Na Kiswahili chetu kinawaunga mkono. Wiki iliyofuata niliwaomba methali na misemo ya wanyama, wakanimwagia: punda afe, mzigo ufike. Shukrani ya punda ni mateke. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Tulikaa na hiyo ya kwanza kipindi kizima. Kila mtoto alikuwa ameisikia kwa baba, kwa kondakta, kwa mwalimu wakati wa mitihani. Hakuna aliyewahi kuisikia kwa upande wa punda, na kusema kweli hata mimi nilikuwa naitumia mstarini.

Basi nikaanza kufundisha. Nikawaeleza habari ya uhuru wa aina tano: jinsi kamati moja nchini Uingereza, mwaka 1965, ilivyochunguza hali ya mifugo mashambani, na jinsi mawazo yake yalivyokuja kupangwa mwaka 1979 kuwa mambo matano. Mnyama asikae na njaa na kiu. Apate mahali pa kujistiri. Asiachwe na maumivu, jeraha wala ugonjwa. Apate nafasi ya kuishi kwa tabia yake ya asili. Asiishi kwa hofu. Ilikuwa saa nane mchana, na shule wakati ule haikuwa na chakula. Sauti ikatoka nyuma: "Mwalimu, huo wa kwanza hata sisi saa hizi hatuna." Darasa likaangua kicheko, nami nikacheka nao, tukasonga mbele.

Swali lililofuata sikulicheka. Tulikuwa tumefika kwenye hofu. Nikasema punda anayepigwa kila siku hajifunzi kazi, anajifunza kumwogopa mpigaji, na ukimfundisha kwa sauti na kwa mazoea anafanya vizuri zaidi. Kijana yuleyule wa punda akanyoosha mkono. "Mwalimu, punda asipigwe. Na sisi?"

Fimbo ilikuwa mkononi mwangu. Sikuwa nimeikusudia kwa lolote. Mwalimu huku huishika kama fundi anavyoshika rula, nayo inaonyesha ubaoni, inagonga meza, na mengine mnayajua. Kanuni za shule ni wazi: viboko ni ruhusa ya mwalimu mkuu au aliyemteua kwa maandishi, na havizidi vinne. Mimi sikuwa na maandishi yoyote. Nilijibu kitu cha ovyo, nadhani nilisema binadamu ana akili ya kuelewa kosa lake. Akaitikia, "Ndiyo mwalimu," kwa ile sauti ya mtoto anayejua kwamba hajajibiwa. Tangu siku ile fimbo nikaiacha ofisini. Nisingependa mtu adhani niliongoka siku moja. Kuna siku nilirudi kuichukua, nikafika nayo mlangoni mwa darasa, nikaona haya.

Wiki mbili baadaye ndipo nikafundisha ile sheria, na ndipo baba akaja na koti lake.

Nilimwomba radhi. Akasema jambo ambalo sikulitegemea: "Punda akifa, mwalimu, mzigo wa kesho nabeba mimi. Unadhani kidonda kile nakipenda?" Nikamwuliza kama ningeweza kwenda kumwona punda. Akanitazama. "Uje kwangu? Kumwona punda?"

Hapo ndipo aibu iliponishika hasa. Punda yule nilikuwa namwona kila asubuhi njiani. Nilikiona kidonda, nikageuza uso, nikaenda shuleni kumpa mtoto wa miaka kumi na miwili maneno ya kumwambia baba yake, maneno ambayo mimi, mtu mzima mwenye cheti na mshahara, sikuthubutu kumwambia yule mzee pale kisimani. Nilimtuma mtoto mahali nilipoogopa kwenda mwenyewe.

Jumamosi nikaenda. Nyumba ya tembe, zizi la miiba nyuma. Mzee akanionyesha kwanza ng'ombe, saba, kila mmoja kwa jina lake. Punda hakuwa na jina. Alikuwa amesimama chini ya mgunga, masikio yamelala, mguu mmoja wa nyuma umepumzishwa. Kidonda kilikuwa juu ya uti wa mgongo, upana wa kiganja cha mtoto, kingo zake zimeinuka na inzi wamekizunguka. Kilikuwa cheusi kwa oili chafu ya gari, maana ndiyo dawa iliyokuwa ikitumika pale kijijini. Nilipokisogelea hakurusha teke wala hakulia. Mimi nikadhani hakiumi. Baadaye afisa mifugo wa kata ndiye aliyenieleza kwamba punda huficha maumivu. Huko porini mababu zake walikotoka, aliyeonyesha udhaifu aliliwa, na kwa hiyo punda anayeonekana mpole na mtulivu huenda yuko taabani.

Nikamwomba mzee anionyeshe anavyofunga mzigo. Akaleta madumu matupu. Mawili ubavu wa kulia, mawili wa kushoto, yameunganishwa kwa kamba ya nailoni inayopita juu ya mgongo. La tano likalazwa katikati, juu ya kamba, na chini ya vyote hivyo kiroba kilichokunjwa mara mbili. Akamtembeza punda hatua kumi. Kila hatua dumu la katikati likawa linayumba, na kila likiyumba linasukuma kamba, kamba inasaga kiroba, kiroba kinasaga ngozi, palepale kwenye mfupa. Nilikwenda kutafuta ukatili, nikakuta kamba ya nailoni.

"Kwa nini la tano?" nikauliza. Akahesabu kwa vidole. Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, ujenzi ulisogea hadi huku kwetu, na wafyatua matofali wanataka maji kutwa. Manne ni unga, ada ya mtoto mkubwa na deni. La tano ni sabuni na chumvi. Sikuwa na cha kusema juu ya sabuni na chumvi.

Kuanzia hapo klabu ikabadilika, na sehemu hii ndiyo ninayopenda kuisimulia, kwa sababu watoto waliinyakua mikononi mwangu. Afisa mifugo alikuja mara moja tu, kwa pikipiki yake, akatufundisha kuosha kidonda: kijiko cha chai cha chumvi kwa lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, kitambaa safi, basi. Oili marufuku. Akasema punda apumzishwe mpaka kidonda kifunge, mzee akaguna, wakakubaliana wiki mbili, na kwa wiki hizo mzee akaazima punda wa shemeji yake. Kisha afisa akatuonyesha jambo la maana kuliko dawa: mto wa mgongoni unatakiwa uwe mito miwili mirefu, mmoja kila upande wa uti wa mgongo, na katikati pabaki mfereji ambapo hakuna kinachogusa. Kitambaa kiwe cha pamba, maana viroba na nailoni havinyonyi jasho na vinachubua. Na wenye mikokoteni akawaonya juu ya nira: nira ya ng'ombe ni ya ng'ombe, mwenye nundu ya kuizuia. Punda husukuma kwa kifua, kwa hiyo afungwe mkanda mpana wa kifuani.

Watoto wakashona. Mito ya kwanza waliijaza nyasi kavu, wakamvalisha punda wa shemeji kwa majaribio, wakaenda kunawa. Waliporudi, punda mwingine aliyekuwa amefungwa karibu alikuwa ameshapasua mto mmoja na kuula. Tulicheka hadi machozi. Mito ya pili ikajazwa mablanketi chakavu na vipande vya kanga, na hiyo ikadumu.

Kipindi cha Hisabati nacho kikaingiliwa. Lita moja ya maji ni kilo moja. Dumu ni lita ishirini. Matano ni kilo 100. Afisa mifugo alimkadiria punda yule kilo 150, na alituambia mzigo wa mgongoni usizidi theluthi moja ya uzito wake. Theluthi ya 150 ni 50, yaani dumu mbili na nusu. Darasa likatulia. Msichana wa "huyo ni mfugo" akasema, "Mwalimu, kwa hiyo hata manne ni mengi." Nikamwambia ndiyo, hata manne ni mengi. "Sasa tunamwambiaje baba yake?" Nikamwambia sijui, tufikiri wote.

Tukafikiri kwa wiki kadhaa, na hicho ndicho kilichokuwa kipindi chenyewe cha utetezi wa wanyama, ingawa sikukiita hivyo. Tulijifunza kusema na mtu mzima. Usianze na "usi". Usiseme mbele ya mgeni. Usiseme wakati anafunga mzigo. Ngoja ameketi, ameshakula. Amkia. Halafu omba kazi, usitoe lawama: "Baba, naomba niwe namwosha punda jioni." Hakuna mzee wa Kigogo, wala wa Tanga, anayemfukuza mtoto aliyeomba kazi. Ukishapewa kazi ya kumwosha, wewe ndiye unayejua kidonda kimekuwaje, na siku baba akikuuliza, umeshapata nafasi ya kusema bila kuiba ya mtu. Wapo watakaosema huo ni unyenyekevu uliozidi, kwamba mtoto ana haki ya kusema ukweli palepale. Anayo. Lakini usiku ule baada ya kusema, mimi sitakuwepo nyumbani kwao.

Na jambo la kumwambia mtu mwenye mzigo apunguze, hilo tukaona si la mtoto mmoja mbele ya baba mmoja. Tukalipeleka mkutano wa kijiji kwa ngonjera. Huku ngonjera ina kwao: Mathias Mnyampala, aliyeikuza na kuieneza, alikuwa Mgogo wa Dodoma. Kijana wetu akawa punda, kwa kuinama na mito miwili mgongoni. Mwenzake akawa mwenye punda, kwa koti la suti lililomfika magotini, na kila mtu alijua koti lile linamwiga nani. Beti ya punda waliitunga wenyewe, mimi nilihesabu mizani tu:

Mgongo wangu jamani, umekatika kwa kamba,
Ninatoka kisimani, ninapita kwenye shamba,
Manne yapo mbavuni, la tano juu latamba,
Bwana wangu wa nyumbani, nitue, nami si mwamba.

Wazee walicheka kuanzia kwenye koti. Kwenye "nitue" wakanyamaza, halafu bibi mmoja akapiga kigelegele. Akasimama mzee mwingine, akauliza kwa hasira kama sasa kufuga watafundishwa na watoto wa shule. Mwenyekiti akamwuliza punda wake ana vidonda vingapi. Kikazuka kicheko kingine, mkutano ukahamia kwenye mambo ya mchango wa zahanati. Ilikuwa dakika kumi, labda na ushee.

Kilichowafanya wengine wasikilize, nikiri, halikuwa beti wala mimi. Miaka ile punda walianza kuibwa. Ngozi ya punda huchemshwa ikatoa gundi inayotengenezewa dawa ya asili huko China, na biashara hiyo ilifika hadi Dodoma, ambako palikuwa na machinjio ya punda. Punda wa kwetu walioibwa hatukujua waliishia wapi. Tulichojua ni kwamba asubuhi unaamka kamba ipo, punda hayupo, na bei ya kununua mwingine imepanda. Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika walikubaliana kusimamisha biashara ya ngozi hizo barani kote. Lakini kabla ya hapo, pale kijijini, wanaume waliokuwa wakimwacha punda alale nje walianza kumwingiza zizini na ng'ombe. Hasara imefundisha wengi kuliko nilivyofundisha mimi.

Kuku tulipita haraka. Kilichowagusa ni maelezo ya mwili: kuku hana kile kiwambo kinachotenga kifua na tumbo kama chetu, kwa hiyo ukimning'iniza kichwa chini kwenye pikipiki kutoka kijijini hadi soko la Majengo mjini, matumbo yanalalia vifuko vyake vya hewa na anahema kwa taabu njia nzima. Msichana ambaye mama yake anauza kuku alinyamaza. Wiki iliyofuata nikamwona na tenga.

Mbwa ndio walionirudisha mimi darasani. Ilitangazwa chanjo ya kichaa cha mbwa, na kituo kikawa chini ya mbuyu ulio jirani na shule. Nilikuwa nimewafundisha yote: kwamba Shirika la Afya Duniani linataka wachanjwe angalau asilimia 70 ya mbwa ili ugonjwa ukatike, kwamba katika kila watu kumi wanaong'atwa na mnyama anayeshukiwa, wanne ni watoto wa chini ya miaka 15, kwamba ukiumwa unaosha jeraha kwa maji mengi na sabuni dakika 15 kisha mbio hospitali, hata kama kidonda ni mkwaruzo. Nilichokuwa sijakifikiria walikiona wao. Walikuja na mbwa kwa kamba, kwa vipande vya kanga, mmoja kwa mkanda wa baba yake. Waliokosa kuletwa ni wale ambao kila mtu kijijini huwarushia mawe. Nani atamshika? Mbwa ambaye mkono wa binadamu anaujua kwa jiwe tu hashikiki, asiyeshikika hachanjwi, na huyo asiyechanjwa ndiye atakayekutana na mdogo wako njiani.

Mhudumu akasema, "Mwalimu, nisaidie kumshika huyu, mtoto hana nguvu." Alikuwa mbwa wa rangi ya udongo, mkia kati ya miguu. Watoto wote wananitazama. Sikuwahi kumgusa mbwa tangu nizaliwe. Nikachuchumaa, nikapitisha mkono shingoni kwake kama nilivyoona wengine wakifanya. Alikuwa anatetemeka, na moto wa mwili wake ukapita kwenye gauni langu. Sindano ilichukua sekunde mbili. Kijana wa punda akaniambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayemtia moyo mdogo wake, "Umeweza, mwalimu."

Kijana huyo alishamaliza la saba, akaenda sekondari ya kata. Juzi, msimu wa kiangazi, nilikuwa naenda dukani nikampita baba yake barabarani akitokea kwenye pampu. Punda alikuwa mbele, hana jina mpaka leo, na pale kidonda kilipokuwa pameota manyoya meupe kama mtu aliyemwagiwa unga. Mito miwili, iliyopauka rangi sasa kwa jua. Madumu manne. Mzee alikuwa nyuma akikokota baiskeli, na dumu la tano limefungwa kwenye kerea kwa kamba ileile ya nailoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umeona mwanao alivyonifanya?" akasema, akionyesha dumu kwa kidevu. "Njoo unisukumie basi. Tairi la nyuma limeisha upepo."

Nikaweka mkoba kwenye usukani, nikasukuma.